Sebule ya Mwaka Gani? Nguo za Pamba na Mapambo ya Nyumba za Tarime na Serengeti



Katika miaka ya karibuni imezuka tabia njema miongoni mwa wenzetu waliojaliwa kujenga. Mtu akimaliza nyumba yake, iwe Tarime mjini, Mugumu, Musoma au Dar es Salaam, hutaka chumba kimoja kipambwe kizamani, kama sebule ya wazazi wake ilivyokuwa. Hutafuta viti vya mbao vyenye mito, redio ya zamani, taa ya chemli na vitambaa vya kufuma. Wazo hilo limefika hata katika chama chetu. Wako wanaopendekeza chumba kimoja pale shuleni kipangwe hivyo, ili wanafunzi waone wazazi na babu zao waliishi vipi. Kwa kuwa nilisoma historia Chuo Kikuu, nimeulizwa mara kadhaa vitu gani vitafutwe na rangi gani zitumike.

Kila ninapoulizwa, nami huuliza: sebule ya mwaka gani? Wengi hucheka, wakidhani ni mzaha wa watu wa historia. Lakini swali hilo ndilo kiini cha jambo lenyewe. Katika wilaya zetu mbili nyumba zilipambwa kwa nguo kuliko kwa kitu kingine chochote, na nguo hiyo ilibadilika kila mara pamba, viwanda na biashara ya nchi vilipobadilika. Sebule ya mwaka wa 1974 siyo sebule ya mwaka wa 1983, ingawa viti ni vile vile na mwenye nyumba ni yule yule. Anayezichanganya atapata chumba cha kupendeza kisichokuwa cha wakati wowote.

NYUMBA KABLA YA KITAMBAA

Mtu akitafuta habari za nyumba za kale za Afrika ya Mashariki, aghalabu atapelekwa Lamu na Zanzibar, akaone zidaka zilizochongwa ukutani, milango ya nakshi na sahani zilizotoka Uchina. Mapambo hayo yamo katika jengo lenyewe. Jengo likihifadhiwa, nayo yamehifadhika. Kwetu haikuwa hivyo. Nyumba ya Wakurya, ya Wangoreme au ya Waikoma ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Urembo wake ulikuwa katika ukandikaji wa ukuta kwa udongo na samadi, katika vibuyu vya maziwa vilivyotunzwa hadi vikang'aa, katika vigoda na ngozi za kulalia. Nyumba ilikaa miaka yake, ikachoka, ikajengwa nyingine kando. Hapakuwa na ukuta wa kumngoja mwanahistoria.

Kitambaa kilitufikia kutoka mbali. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita kwa jina la nchi yake: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba na meli zao, viwanda vya Bombay vikaingia na kuichukua sehemu kubwa ya soko hilo. Pamoja na merikani ilikuja kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili. Misafara ya bara ilibeba vitambaa hivi kama fedha. Kwa mikono kadhaa ya merikani mtu alinunua chakula, akalipa ushuru wa kupita, akamridhisha mtemi.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, mambo yalirahisika zaidi upande wetu. Bidhaa zilishuka katika reli, zikapakiwa melini, zikaingia Shirati na Musoma. Baadaye vijana wetu wengi, na Wakurya hasa, waliandikishwa katika jeshi la KAR, wakarudi na mshahara, blanketi na kaptura za khaki. Wamisheni wa Kimenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka wa 1934, na katika shule za misheni nchini wasichana walifundishwa kushona, kudarizi na kufuma. Hivyo kitambaa kikaingia kwanza mwilini, kisha kitandani, na mwisho mezani na ukutani. Yule aliyekuwa na meza ya kutandikia kitambaa kilichodariziwa alikuwa karani, mwalimu, katekista au askari aliyestaafu. Hiyo ndiyo sebule ya kwanza ya namna tunayoizungumzia, nayo ni ya miaka ya 1940 na 1950. Kitambaa chake kilikuwa cha Uingereza, India au Japani. Pamba yake huenda ilitoka kwetu, ikazunguka dunia na kuturudia.

PAMBA SAFI NA PAMBA FIFI

Hapa yafaa tuikumbuke pamba yenyewe. Milima ya Tarime ilijulikana kwa kahawa, ndizi na mahindi. Pamba ilipendelea nchi ya chini yenye joto: sehemu za Serengeti, na jirani zetu wa Bunda na Musoma. Mbegu yake ilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza, na ndiyo maana mbegu zake nyingi hutajwa kwa herufi UK na tarakimu, kama UK 91. Wataalamu wa Ukiriguru walifanikiwa kupata mbegu yenye majani ya malaika yaliyowashinda wadudu wafyonzao, na ufanisi huo ulisaidia sana kilimo cha pamba kukua katika Jimbo la Ziwa.

Wakulima nao walijipanga. Katika miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka wa 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililokuwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya Waafrika katika biashara ya mazao. Mkulima alipeleka pamba yake chamani ikiwa imechaguliwa mafungu mawili, safi na fifi. Kuchagua huko kulikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama, watoto na wageni waliolala walikaa kuzunguka chungu ya pamba, wakatoa majani na vipande vyenye madoa, maana tofauti ya bei ilikuwa ndiyo karo ya shule.

Wadogo zetu wapenda hesabu na wafuate hapa. Kilo 100 za pamba mbegu zikipita kinu cha kuchambulia hutoa pamba nyuzi kiasi cha theluthi moja ya uzito. Inayobaki ni mbegu ya kukamuliwa mafuta na ya kupandwa. Katika kusokota na kufuma nyuzi zinapotea tena kidogo, tuseme tubaki na kilo 30 za nguo. Kanga moja ikiwa na uzito wa gramu 200 hivi, kilo 100 za mkulima wa Serengeti zinatosha doti zaidi ya 70, nazo ni zaidi ya kanga 140. Sasa fikirini: mkulima akiisha kuuza kilo hizo 100, aliweza kununua doti ngapi? Kati ya idadi mbili hizo ndimo walimokaa mwenye kinu, mwenye meli, mwenye kiwanda, mchapaji na mwenye duka. Nchi iliposema inataka viwanda vyake vya nguo, ilikuwa inalizungumzia pengo hilo.

SEBULE YA MIAKA YA VIWANDA

Tulipopata Uhuru mwaka wa 1961 sehemu kubwa ya nguo zetu ilitoka ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hali iligeuka upesi. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina, kilifunguliwa mwaka wa 1968. Wakati huo huo kikaanza Mwatex cha Mwanza, kilichowekwa mitambo na kampuni ya Ufaransa. Wachumi wa Chuo Kikuu wamevilinganisha sana viwanda hivi viwili. Mitambo ya Kichina ilihitaji watu wengi na mtaji mdogo. Ya Kifaransa ilihitaji mtaji mkubwa na watu wachache. Kwa nchi iliyokuwa na watu wengi na fedha kidogo, somo lilikuwa wazi. Vilikuwapo pia Kiltex na Sunguratex, na katika miaka ya 1970 likaundwa shirika la umma la nguo, TEXCO, kuvisimamia. Wimbi la pili la ujenzi, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia miaka ya 1980, ndilo lililotuletea Mutex, kiwanda chetu cha Musoma.

Matokeo yake yalionekana sebuleni. Kanga na kitenge vilivyochapwa nchini vilifika maduka ya Tarime na Mugumu, kukapatikana na shuka, bafta na nguo za sare. Mtumishi wa Serikali au mkulima mwenye mavuno mazuri aliweza kupamba nyumba yake kwa kitambaa cha Tanzania. Nikueleze ilivyokuwa.

Sakafu ni ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa. Kuta zimepakwa chokaa, na pengine nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta ili isichafuke. Viti vinne vya mbao vya fundi wa mjini, vyenye mikono mipana, vina mito iliyovikwa kitenge. Juu ya mgongo wa kila kiti kimelazwa kitambaa cha kufuma, na kwenye mikono ya kiti vimelazwa vidogo viwili vya jozi yake. Katikati kuna meza ndogo yenye kitambaa cha mviringo kilichotiwa uji wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa, hata kingo zake zikasimama kama maua. Redio imefunikwa kitambaa chake yenyewe, kama bibi harusi, na hufunuliwa saa ya taarifa ya habari. Mlango wa kwenda ndani hauna ubao. Una pazia la kanga, jina lake likiwa limetazama sebuleni ili mgeni alisome. Ukutani ipo picha ya Rais, kalenda, na picha za familia zilizobanwa pamoja katika fremu moja. Na juu kabisa kuna kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa nyuzi nyekundu na kijani: KARIBU MGENI.

Nani aliyeyatenda haya? Kiwandani tunawajua, maana wameandikwa katika ripoti. Sebuleni walikuwa mama zetu, shangazi zetu na dada zetu, na hawakuandikwa popote. Walijifunza katika masomo ya sayansi kimu, katika vikundi vya UWT, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1962, na zaidi wao kwa wao, mmoja akikopa kitambaa cha mwenzake ili ahesabu matundu yake usiku kwa chemli. Mtindo ukasafiri hivyo kutoka misheni hadi kijiji, kutoka kambi ya jeshi hadi nyumba ya mwalimu. Kitambaa kimoja kikubwa cha meza kiliweza kuchukua miezi kufumwa, katika saa zilizobaki baada ya shamba, maji na jiko.

Kisha kuna jambo ambalo watu husahau. Miaka ya 1973 hadi 1976 ilikuwa pia miaka ya Operesheni Vijiji. Familia nyingi zilihama, kwa hiari au kwa kuhamishwa, zikaacha nyumba zao. Wengine walihama kwa sababu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, ambayo wilaya zetu zimeyajua mno. Ukuta haukuhamishika. Kilichohamishika ni sanduku la bati lililojaa vitambaa. Mama alipofika mahali papya, hata kabla ya ukuta kukauka, alifungua sanduku, akatandika, na pale pakawa nyumbani. Kwa hiyo tunaposema kwamba kwetu mapambo ya nyumba ni nguo, tunasema pia kwamba watu wetu walilazimika kuwa na uzuri unaobebeka.

SEBULE YA UHABA

Miaka michache tu baadaye sebule hiyo ilikuwa imebadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa mtu wa Sirari ilikuwa ni duka alilozoea kulifikia kwa miguu kugeuzwa kuwa nchi ya kigeni. Vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikapungua. Viwanda vilikosa vipuri, rangi na umeme wa uhakika, mitambo ikafanya kazi chini ya uwezo wake. Upande wa mashamba vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka wa 1976, Mamlaka ya Pamba ikawa ndiyo mnunuzi. Mkulima aliyeona pesa haimletei nguo dukani alipunguza pamba, akalima chakula. Hivyo kiwanda cha Musoma kilianza kazi yake katika miaka migumu kuliko yote.

Kanga ikawa kitu cha foleni na kibali. Zilipofika chache katika duka la kijiji, zilipigiwa kura au kugawiwa kwa orodha. Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka walipitisha vitambaa kwa magendo, usiku, kwa njia za ng'ombe. Mwaka wa 1983 ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wako waliotupa bidhaa mashimoni kwa kuogopa msako, na mtu mwema kabisa aliweza kuficha doti tatu mpya kana kwamba ni mali ya wizi.

Je, nyumba ziliacha kupambwa? La. Na hapa ndipo pananigusa mimi mwenyewe. Nyumbani kwetu tunacho kitambaa cha meza alichokidarizi mama yangu mwaka wa 1982. Ukikiangalia juu utaona maua ya bluu na ndege wawili. Ukikigeuza na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha, utaona herufi zilizofifia za mfuko wa unga wa ngano. Aliufumua, akauchemsha, akauanika juani siku nyingi, lakini maandishi hayakutoka yote, basi akawadarizi ndege juu yake. Pindo lake limefumwa kwa nyuzi zilizochomolewa katika kiroba. Nimeona vitambaa vya namna hiyo katika nyumba nyingine za Tarime na Serengeti. Nguo ya dukani ilipokosekana, mapambo hayakukoma. Yaliongezeka, kwa sababu ukuta mtupu ulikuwa unakiri umaskini, na mama zetu hawakuwa tayari kukiri.

Huo ndio mtindo wa mwaka wa 1983: mito iliyotiwa viraka kwa uangalifu, pazia la kanga lililofubaa, mashuka yaliyokatwa katikati na kuunganishwa kingo kwa kingo ili yaendelee kudumu, na juu ya hayo yote kazi ya mkono maridadi kuliko ya miaka ya neema.

MITUMBA NA BAADAYE

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Maduka yalijaa tena. Zikafuata nguo za mitumba, ambazo wazee walizijua tangu zamani kwa jina la kafa ulaya, safari hii kwa wingi usiokuwa na mfano. Sebule nazo zikapata mapazia ya Ulaya na vitambaa vya meza vilivyofumwa kwa mashine. Viwanda vilivyokwisha kudhoofika havikuweza kushindana. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Mwatex ilisimama, kisha ikaanza upya chini ya wamiliki wengine. Urafiki ikawa ubia na Wachina mwaka wa 1997, wao wakiwa na hisa 51 kwa mia. Mutex nayo iliingia mikononi mwa watu binafsi. Ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa makampuni mwaka wa 1994. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu bado husafirishwa nje ikiwa katika marobota.

Mwaka wa 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipinga, ikitaja masharti ya AGOA. Kenya ilijitoa mapema, Rwanda ikashikilia na mwaka wa 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Wapenzi wa historia wataona kwamba ni hoja ile ile ya merikani: nani anavaa pamba ya nani, na faida inabaki bandari gani.

KWA ANAYETAKA KUPAMBA

Sasa nirudi kwa wale walioniuliza. Kwanza, chagua mwaka, uufuate. Ukichagua 1974, tumia kanga na vitenge vya pamba vyenye rangi kamili, bafta nyeupe na nyuzi za dukani. Ukichagua 1983, usione haya kuweka viraka. Usitandike kitenge kipya kinachometameta halafu ukaiita sebule ya wakati wa foleni.

Pili, hakikisha ni pamba. Vitenge vingi vya bei nafuu sokoni leo vina nyuzi za viwandani. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Jaribio hili lifanyike mbele ya mtu mzima, mbali na kitambaa chenyewe.

Tatu, jifunze kuisoma kanga. Ina pindo, ina mji na ina jina. Kanga zilizochapwa kwa sherehe za Taifa au za chama hubeba tarehe, kwa mfano za kuzaliwa kwa CCM tarehe 5 Februari 1977, na hizo hukusaidia kuupata mwaka. Jina la kiwanda likiwapo kwenye upindo, usilikate wakati wa kushona pazia.

Nne, kitambaa cha zamani kisifuliwe kwa dawa kali wala kuanikwa kutwa juani. Kikunjwe ndani ya kitambaa cheupe safi cha pamba, na mara moja moja kifunuliwe na kukunjwa upya mahali pengine, maana kitambaa huanza kukatika penye mkunjo.

Tano, katazame kabla ya kununua. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yako Butiama, hapa hapa mkoani kwetu, na aendaye Dar es Salaam anaweza kuiona nyumba ndogo ya Mwalimu ya Magomeni na Kijiji cha Makumbusho. Utajifunza kwamba nyumba za wakati ule zilikuwa na vitu vichache kuliko tunavyokumbuka. Kumbukumbu ina tabia ya kununua samani.

OMBI KWA WANACHAMA NA WANAFUNZI

Nimeeleza haya yote kwa sababu moja. Chumba cha shule tunachokizungumzia kinaweza kufanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchanga fedha na kumwagiza mtu Mwanza anunue vitu vinavyofanana na vya zamani. Kazi itakwisha kwa wiki moja, na mwanafunzi atakayeingia atajifunza kwamba wazee wake walipenda rangi nyingi. Njia ya pili ni ya polepole. Kila mwanafunzi aombe ruhusa nyumbani afunguliwe sanduku la bibi yake. Asichukue kitu. Aandike: kitambaa hiki ni cha nini, kilifumwa mwaka gani, kitambaa na uzi vilipatikana wapi na kwa bei gani, nani alikifundisha. Wenye kuridhia watoe au waazime kipande kimoja, kikiwa na maelezo yake.

Naunga mkono njia ya pili, na sina nafasi ya kuwa mpole katika hili, maana wakati unatuacha. Waliokuwa na miaka 20 mwaka wa 1974 sasa wamepita 70. Sote tumeona yanayotokea baada ya matanga. Ng'ombe wanahesabiwa, mashamba yanapimwa, mabati yanagombewa, na sanduku la vitambaa linapewa yeyote anayehitaji matambara ya kufutia pikipiki. Kumbukumbu za TEXCO na za viwanda ziko katika ofisi na nyaraka, na atakayezitaka atazitafuta. Kumbukumbu za waliopokea nguo za viwanda hivyo, na za waliofanya uzuri zilipokosekana, ziko katika masanduku hayo peke yake.

Kwa hiyo napendekeza chumba chetu kiwe na kuta mbili zinazotazamana, moja ya 1974 na nyingine ya 1983, na katikati yake iwekwe bakuli ya pamba mbegu kutoka shamba la Serengeti. Mwanafunzi aichukue mkononi, aichague safi na fifi, kisha atazame ukuta huu na ule. Mwalimu wake wa historia hatakuwa na haja ya kusema mengi.

Mwenye maoni tofauti na aje nayo kwenye mkutano wetu. Mwenye kitambaa, aje nacho pia.